Maswali ya wasomaji: mteremko wa kupita na mteremko wa kuacha

Barua nyingi za msimu huu zimetoka kwa wasomaji walioko Marekani, Kanada, Uswisi na Norwe ambao wameanza kupanda milima wakati wa baridi, nje ya viwanja vya ski vinavyolindwa. Karibu zote zinauliza jinsi ya kuepuka maporomoko ya theluji. Moja imetoka Moshi. Tumezifupisha. Tukitaja "nyuzi" tupu, tunamaanisha nyuzi za mwinamo. Za baridi na joto tutaziita nyuzi joto.

SWALI: Ngazi ya 2 ni ruhusa?

Habari za kazi. Naishi Denver, jimbo la Colorado. Wenzangu kazini hunialika kutembea kwa viatu vya theluji upande wa Berthoud Pass. Husema taarifa ya hatari ya maporomoko ikionyesha ngazi ya 2 hakuna shida, ikifika 3 ndipo tuanze kujiangalia. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na wenzako wanasoma kichwa cha habari na kuacha habari yenyewe. Ngazi ni tano, Marekani, Kanada na Ulaya pia. Ngazi ya 1 hatari ni ndogo na imejificha sehemu chache. Ya 2, mtu anaweza kuangusha poromoko katika miteremko fulani. Ya 3, kuna uwezekano mkubwa wa mtu kuliangusha, na mengine huweza kushuka yenyewe. Ya 4 hushuka yenyewe kwa wingi. Ya 5 ni ya kukaa nyumbani. Ngazi hizi hazipandi kwa hatua zilizo sawa: kutoka 2 kwenda 3 hatari haiongezeki kidogo, inaruka. Watu wengi hufia kwenye ngazi ya 3, kwa sababu ya 4 inawatisha wakabaki nyumbani, ilhali ya 3 ina jua zuri, theluji mpya na nyayo za watu.

Chini ya namba ndiko kwenye kazi. Kituo cha taarifa za maporomoko cha Colorado, CAIC, hutoa taarifa ya kesho leo saa kumi na nusu jioni. Tafuta mambo matatu ndani yake: tatizo ni la aina gani, liko miteremko inayotazama wapi na kimo gani, na poromoko likishuka litakuwa kubwa kiasi gani. Ngazi ya 2 yenye vibamba vidogo vya theluji iliyobanwa na upepo karibu na kilele ni siku moja. Ngazi ya 2 yenye tabaka dhaifu la kudumu lililozikwa sentimita 80 chini ni siku nyingine kabisa: nafasi ya kuliamsha ni ndogo, lakini likiamka hubeba mteremko mzima.

Kwa nini Colorado hasa? Kwa sababu theluji ya mwanzo wa msimu huwa nyembamba na baridi ni kali. Ardhi chini ya theluji hukaa karibu na nyuzi joto 0. Hewa ikiwa nyuzi joto 15 chini ya sifuri na theluji ina kina cha sentimita 60, tofauti ni nyuzi joto 2.5 kwa kila sentimita 10. Ikizidi nyuzi joto 1 kwa sentimita 10, mvuke hupanda kwa nguvu kutoka chembe moja hadi nyingine, na chembe hugeuka kuwa vipande vyenye pembe visivyoshikana, ukivishika mkononi vinamwagika kama sukari. Juu yake huja theluji ya Januari, nzito na iliyoshikamana. Hapo umepata bamba juu ya tabaka lisilolibeba. Tabaka hilo laweza kudumu wiki kadhaa, hata miezi, na jicho halilioni kutoka juu.

Ndiyo maana tunawaelekeza wanaoanza kwenye kitu kimoja wanachoweza kukichagua wenyewe, yaani mwinamo. Werner Munter, kiongozi wa milima wa Uswisi, aliweka kanuni fupi: ngazi ya 2 kaa chini ya nyuzi 40, ngazi ya 3 chini ya 35, ngazi ya 4 chini ya 30. Kwa maoni yetu kanuni hiyo ni ya ukarimu mno kwa mgeni wa Colorado. Taarifa ikitaja tabaka la kudumu, mkae chini ya nyuzi 30, namba iwe 2 au 3, na msipite chini ya mteremko mkali unaoweza kuwamwagikia. Kutembea kwa viatu vya theluji hakuhitaji zaidi ya hapo.

SWALI: Nitajuaje nyuzi 30?

Niko Bern. Ramani ya simu inapaka miteremko rangi ya njano, chungwa na nyekundu. Je, naweza kuitegemea, au ninunue kipimo?

JIBU: Itegemee kwa kupanga safari, usiitegemee ukiwa umesimama juu ya mteremko. Kwenye ramani ya swisstopo njano ni nyuzi 30 hadi 35, chungwa 35 hadi 40, nyekundu 40 hadi 45, zambarau ni zaidi ya hapo. Rangi hizo hutokana na vipimo vya ardhi vilivyowekwa kwenye miraba, na kilichomo ndani ya mraba mmoja husawazishwa. Ukingo mfupi wenye nyuzi 38 ndani ya uwanda wa nyuzi 27 unaweza usionekane. Isitoshe, upepo hurundika theluji na kubadilisha umbo ambalo ramani ililijua wakati wa kiangazi.

Ukitumia ramani ya karatasi ya 1:25,000 yenye kontua za mita 20, nyuzi 30 ni pale mistari miwili inapoachana kwa milimita 1.4. Ikibanana zaidi ya hapo, ni mkali zaidi. Weka kipande cha karatasi chenye alama hiyo ndani ya pochi ya ramani.

Mlimani, klinomita (kipimo cha mwinamo) ya dira au ya simu inatosha: laza fimbo ya kutembelea juu ya theluji kuelekea chini, weka kipimo juu ya fimbo. Fimbo inasawazisha vijimabonde vidogo. Kama simu imekufa kwa baridi, jambo la kawaida tu, tumia fimbo mbili zenye urefu wa sentimita 120. Simamisha moja wima. Shikilia ya pili kwa mlalo, kuanzia kwenye fimbo iliyosimama kuelekea juu ya mlima, na uipandishe au kuishusha hadi ncha yake iguse theluji. Ikigusa ukiwa umeishika kimo cha sentimita 69, mteremko ni nyuzi 30. Sentimita 84 ni 35. Sentimita 101 ni 40. Funga utepe wa rangi kwenye vimo hivyo mara moja, usianze kukokotoa hesabu ukiwa na glovu.

Kinachohesabika ni sehemu kali kuliko zote, si wastani. Maporomoko mengi ya bamba huanzia kati ya nyuzi 30 na 45, na karibu na 38 ndipo penye sifa mbaya kuliko pote. Kumbuka pia kuwa unaweza kuwa kwenye tambarare na bado ukaangusha poromoko: tabaka dhaifu likivunjika chini ya miguu yako, ufa hukimbia chini kwa chini hadi kwenye mteremko mkali ulio juu yako. Kwa hiyo pima na ule usiokanyaga.

SWALI: Shimo la kupimia

Salamu kutoka Calgary. Nimeona watu wakichimba shimo na kugonga theluji kwa beleshi. Naomba mnieleze hatua kwa hatua, na lini matokeo yanaruhusu kuteremka.

JIBU: Tuanze na mwisho wa swali lako: hayaruhusu. Shimo linaweza kukukatalia, haliwezi kukupa kibali. Mashimo mawili yaliyoachana mita 10 kwenye mteremko uleule huweza kutoa majibu tofauti, kwani upepo, mawe na miti huitandaza theluji bila usawa. Lakini lina faida yake: linakuonyesha kama tabaka linalotajwa kwenye taarifa lipo mahali ulipo, liko kina gani, na kama likivunjika ufa unasafiri.

Chagua mahali salama, mteremko mfupi usio na kitu cha kukudhuru chini yake, unaotazama upande uleule na wenye kimo kilekile na ule unaofikiria kuupita. Mbali na miti, kwa sababu matone na theluji inayoanguka matawini huharibu matabaka. Pasiwe pamekanyagwa. Chokonoa kwanza kwa ile fimbo ndefu ya uokoaji ili ujue kina, na ili usije ukachimba juu ya jiwe.

Chimba upana wa mita moja na nusu na kina cha mita 1.2 hivi. Ukuta wa upande wa juu wa mlima uwe wima, laini, na usiukanyage kutoka juu. Kisha papasa matabaka kwa mkono kuanzia juu kwenda chini. Kipimo cha ugumu ni kile kinachoingia kwa kusukuma polepole: ngumi, vidole vinne, kidole kimoja, penseli, kisu. Unachotafuta ni gumu juu ya laini. Tabaka la kidole kimoja limekaa juu ya tabaka la ngumi, tena lenye chembe kubwa zinazong'aa, hapo weka alama.

Sasa kipimo cha nguzo ndefu, kilichotungwa na Ron Simenhois na Karl Birkeland. Nguzo ina upana wa sentimita 90 kukata mteremko na sentimita 30 kuelekea juu. Kata pande mbili kwa msumeno wa theluji, na nyuma kwa kamba yenye mafundo inayovutwa na watu wawili. Mkato upite chini ya tabaka unalolishuku, lakini usizidi mita moja, kwa sababu nguvu ya mapigo haitafika chini zaidi. Laza beleshi juu ya mwisho mmoja wa nguzo. Gonga mara 10 kwa kiganja ukikunja kifundo cha mkono tu, mara 10 kutoka kiwiko, mara 10 kutoka bega. Acha mkono uanguke kwa uzito wake. Hesabu kwa sauti.

Andika mambo mawili: ufa ulianza kwenye pigo la ngapi, na je, ulivuka nguzo yote kwenye pigo hilo au linalofuata? La pili ndilo kubwa. Ufa uliovuka kwenye pigo la 12 ni habari mbaya. Ufa uliovuka kwenye pigo la 24 nao ni habari mbaya, na hapa ndipo wengi hujidanganya kwa kusema "imestahimili mapigo mengi." Swali la nguzo hii ni kama ufa unasafiri, na umesafiri. Ukianza na kuishia chini ya beleshi, afadhali, ila soma tena aya ya kwanza ya jibu hili.

Makosa tunayoyaona: nguzo haikukatwa nyuma hadi chini, ikashikiliwa na mlima ikaonekana imara, ukuta umeinama, mgongaji anapiga kwa hasira, theluji ya juu ni laini mno, beleshi inazama na nguvu haifiki chini. Katika hali hiyo ya mwisho kipimo hiki hakifai, na pia hakifai tabaka likiwa limezikwa sana. Na kosa la msingi kuliko yote ni kutumia dakika 40 ndani ya shimo huku mlima wa pili una alama mbichi ya poromoko la asubuhi. Poromoko la karibuni, mngurumo mzito wa theluji kuketi chini ya miguu, nyufa zinazokimbia kutoka kwenye ncha ya ski: ukipata mojawapo ya hayo, shimo la nini tena?

SWALI: Dhoruba imepita, jua limetoka

Niko Tromsø. Jumatano na Alhamisi upepo ulivuma kwa nguvu kutoka magharibi na theluji ikaanguka sentimita 15 tu. Ijumaa anga safi. Tunaweza kupanda upande wa mashariki wa mlima, ambako theluji ni nyingi na nzuri?

JIBU: Umeshajijibu bila kujua. Theluji ni nyingi upande wa mashariki kwa sababu upepo umeihamisha kutoka magharibi. Upande wa joshini, unaopigwa na upepo, umebaki na mawe na barafu. Upande wa demanini umepokea mzigo wote. Upepo unaweza kurundika theluji mara 10 ya kasi ya ile inayoanguka kutoka mawinguni, kwa hiyo sentimita 15 zilizopimwa bondeni zaweza kuwa zaidi ya mita moja chini ya mgongo wa mlima. Tena chembe hupondwa zikivingirishwa, zikitua zinabanana na kuwa bamba.

Hali hii huisomi kwenye kipimajoto. Isome kwenye theluji yenyewe. Ukingo wa theluji unaoning'inia kileleni huelekea demanini. Utazame ukiwa bado bondeni. Mistari iliyochongwa na upepo huwa na ncha kali inayotazama ulikotoka upepo. Theluji iliyovimba kama tumbo chini ya mgongo wa mlima, yenye uso laini usio na mng'aro, inayotoa sauti ya uwazi ukiipiga fimbo, hiyo ni bamba. Na usidhani upepo hurundika kileleni tu. Ukivuma kwa kukata mteremko hujaza makorongo upande mmoja, hata katikati ya mlima.

Kabla ya kufika penye hatari, tafuta kijiteremko cha mita mbili au tatu, chenye mwinamo uleule, kisichoweza kumzika mtu. Kikanyage kutoka juu. Kikipasuka kipande kizima kizima, mlima umekupa jibu bure.

Vibamba vya upepo huwa vinatulia ndani ya siku chache, baridi kali ikivichelewesha, mradi chini yake hakuna tabaka la kudumu. Taarifa ya Varsom, huduma ya Norwe ya tahadhari za maporomoko, hutaja pande za mlima zilizobeba mzigo. Ilinganishe na macho yako. Ijumaa hiyo sisi tungezunguka kwenye mabega ya mlima yaliyo chini ya nyuzi 30. Siku ya kwanza yenye jua baada ya dhoruba huita watu wengi, na theluji haijamaliza kutulia.

SWALI: Kelele

Watoto wangu wanasema ukipiga kelele mlimani theluji inaporomoka. Tuwazuie kuimba?

JIBU: Waacheni waimbe. Shinikizo la sauti ya mtu ni dogo mno kuvunja tabaka. Baruti huliangusha poromoko kwa wimbi la mlipuko. Katika ajali zinazoua, kwa kawaida anayeliangusha ni mmoja wa kundi lenyewe, kwa uzito wake.

SWALI: Mwezi wa nne turudi saa ngapi?

Lausanne. Tunapanda Aprili, usiku barafu, mchana tope.

JIBU: Saa si kitu, kuganda ndiko kila kitu. Usiku wa anga wazi theluji hutoa joto lake na kuganda hata kama hewa haijashuka sana chini ya sifuri. Usiku wa mawingu haigandi vizuri, na hapo msiondoke kabisa. Alfajiri ponda uso kwa kisigino: kama ni ganda jembamba lenye uji chini yake, geuzeni.

Baada ya usiku mzuri, jua huanza na miteremko inayotazama mashariki, kisha kusini, mwisho magharibi. Mfuatilieni. Vijibonge vinavyojiviringisha kutoka kwenye mawe ni onyo la kwanza. Buti likizama zaidi ya kifundo cha mguu, mmechelewa. Kwa mteremko wa mashariki mwezi wa nne hiyo huweza kuwa saa nne asubuhi, wakati mwingine mapema zaidi. Mvua ikinyesha juu ya theluji kavu, hesabu zote hizi zinafutika papo hapo. Kwa Uswisi, taasisi ya theluji na maporomoko ya Davos, SLF, hutoa taarifa saa kumi na moja jioni na wakati wa baridi huirekebisha saa mbili asubuhi. Someni zote mbili.

SWALI: Transiva ya mtumba

Vancouver hapa. Nimepata transiva (kifaa cha mawimbi cha kumtafutia aliyezikwa na theluji) iliyotumika, bei nzuri. Inafaa? Na ikitokea mtu amezikwa, nifanye nini kwanza?

JIBU: Zote hutumia mawimbi ya kilohezi 457, kwa hiyo chapa tofauti huelewana. Tatizo ni umri. Za zamani zenye antena moja zinahitaji fundi wa kuzisikiliza. Nunua yenye antena tatu. Ikiwa imepita miaka 10, au sehemu ya betri ina kutu ya kijani, iache. Tumia betri za alkali mpya. Za kuchaji huonyesha asilimia ya uongo, usiziweke isipokuwa mtengenezaji ameruhusu. Zikishuka chini ya asilimia 50 badilisha, na msimu ukiisha zitoe. Simu na vifaa vingine vya umeme vikae sentimita 20 mbali nayo unapotembea, na sentimita 50 unapotafuta. Glovu za umeme ndizo msumbufu asiyeshukiwa.

Transiva peke yake haimtoi mtu. Kila mmoja abebe pia fimbo ya kuchokonolea, isiyopungua sentimita 240, na beleshi la alumini. La plastiki huvunjika, kwa sababu theluji iliyoporomoka hukakamaa ikisimama. Asubuhi, kabla ya kuondoka, mmoja asimame kando na wengine wampite mmoja mmoja: anasikia kila transiva ikituma? Kisha naye akaguliwe.

Mtu akizikwa: angalia alipoonekana mwisho. Hakikisha hakuna lingine linalokuja. Mkiwa wengi, mmoja apige simu hapohapo, 911 Kanada na Marekani, 112 Ulaya. Ukiwa umebaki peke yako, tafuta kwanza. Wote mliobaki badilisheni transiva kutoka kutuma kwenda kutafuta, la sivyo mtatafutana nyinyi kwa nyinyi. Teremka kuanzia alipoonekana mwisho, ukipita njia zilizoachana mita 40 hivi, macho yakitafuta glovu au ski juu ya theluji. Ukipata mawimbi, fuata mshale na namba zinazopungua. Njia itapinda, ndivyo mawimbi yalivyo. Mita 10 punguza mwendo. Mita 3 shusha transiva hadi iguse theluji, usiizungushe tena, ipeleke mbele na nyuma, kulia na kushoto, mpaka namba ndogo kuliko zote. Hapo ndipo pa kuchomeka fimbo, wima kwa uso wa mteremko si kwa anga, kisha zunguka kwa nafasi za sentimita 25. Ikigonga kitu kinachobonyea, iache palepale.

Usichimbe juu ya fimbo. Mtu akiwa kina cha mita 1, anza mita 1.5 chini yake mteremkoni na uingie kwa ubavu. Ukichimba shimo la wima utasimama juu ya kifua chake na kuziba hewa kidogo aliyonayo. Katakata vipande, vitupe pembeni, msivirushe juu. Aliye mbele abadilishwe kila dakika moja au mbili hata kama anasema hajachoka. Kichwa kwanza, mdomo na pua, kisha kifua.

Haraka hii ina sababu. Aliyefukuliwa ndani ya dakika 10 hadi 15 za kwanza ana nafasi kubwa ya kuwa hai. Ikifika dakika 35 wengi wameshakosa hewa. Helikopta karibu kamwe haifiki ndani ya muda huo. Wewe ndiye kikosi cha uokoaji, na kama hujawahi kutafuta transiva iliyofukiwa ndani ya mfuko uwanjani, siku hiyo utajifunza kwa kuchelewa.

Umeuliza pia, mwisho wa barua, kuhusu mikoba ya hewa, ile ya mgongoni inayojaa hewa ukivuta kamba. Husaidia kumweka mtu juu. Utafiti uliochapishwa 2014 ukiongozwa na Pascal Haegeli ulionyesha vifo kati ya waliobebwa na maporomoko makubwa vikishuka kutoka asilimia 22 hadi 11. Lakini karibu mkoba mmoja kati ya mitano haukufunguka, mara nyingi kwa sababu mwenyewe hakuvuta kamba. Na haukingi dhidi ya miti na magenge. Nunua baada ya transiva, fimbo, beleshi na kozi, si kabla.

SWALI: Nyayo za waliotutangulia

Oslo. Mteremko una nyayo za watu sita. Si ushahidi kwamba umekubali?

JIBU: Ni ushahidi kwamba watu sita hawakukanyaga mahali penyewe. Bamba huwa nene hapa, jembamba pale. Penye unene uzito wa mtu haufiki kwenye tabaka dhaifu. Pembeni ya jiwe lililofukiwa, au pale mteremko unapovimba, bamba huwa jembamba na uzito hufika. Wa saba akipinda mita tano kando ya nyayo, anaweza kukuta hapo. Mkiamua kupita, piteni mmoja mmoja, wengine wakisubiri mahali pasipofikiwa, wakimtazama. Mtu mmoja akisema hapana, ni hapana ya kundi. Asiulizwe sababu mpaka mfike kwenye gari.

SWALI: Kibo nayo?

Wakuu, salaam kutoka Moshi. Mimi ni mwongoza wageni. Wateja wanaotoka Ulaya huuliza kama wabebe transiva Kilimanjaro. Niwajibu nini?

JIBU: Waambie waiache, wabebe kofia ngumu kama wanapitia Western Breach, njia kali ya upande wa magharibi wa Kibo. Kwenye njia za kawaida za Kibo theluji huja na kuondoka, jua la ikweta huiyeyusha na kuigandisha mara kwa mara, na hatari yake kubwa ni kuteleza kwenye nyayo zilizoganda alfajiri. Viatu vya kucha vyepesi vina kazi zaidi kuliko transiva.

Western Breach ni habari nyingine, na hatari yake ni mawe. Mawe yanayoshikiliwa na barafu huachia barafu ikiyeyuka. Januari 2006 mawe yaliyoshuka huko yaliua wapandaji watatu, na njia ikafungwa kwa muda. Kanuni ni ya saa: sehemu iliyo chini ya magenge ivukwe gizani kungali kumeganda, kabla jua halijaigusa, bila mapumziko ya picha katikati. Wagumu, yaani wapagazi wenye mizigo, wavuke saa hiyohiyo na wapewe kofia hizohizo. Tumesikia makundi ambayo mgeni ana kofia na mbeba begi lake ana kofia ya sufu.

Wakati wa masika theluji nyingi ikianguka kwa siku mbili tatu mfululizo, korongo kali la Breach linaweza kumwaga theluji laini. Haitakuwa kama ya Alpi, ila kwenye genge hata kidogo kinatosha kumwondoa mtu miguuni. Siku hizo wapitishie njia ya kambi iitwayo Barafu. Na mteja akitaka kusogelea kuta za barafu kupiga picha, mzuie umbali wa kutosha: ukuta wa barafu hauna ngazi ya hatari wala saa yake, hudondoka mchana na usiku, na kitu pekee unachoweza kupunguza ni dakika anazosimama chini yake.